Friza ilikuwa na kamati, kidole gumba hakikuwa nayo: kisa cha kliniki tatu za baridi yabisi Nairobi

Usuli

Hiki kisa nimekiandika kwa ajili ya wale wanaopanga kuanzisha kitu cha pamoja cha utafiti, iwe ni rejista ya wagonjwa, friza ya sampuli ama mashine yoyote, na wako na kliniki zaidi ya moja. Majina nimetoa, tarehe nimetoa, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili mtu asijue ni wapi. Kliniki zote tatu ziko Nairobi na nitaziita tu Kubwa, Misheni na Binafsi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuratibu rejista, yaani kupigia watu simu na kuuliza fomu ziko wapi.

Zote tatu zilikuwa zinaona wagonjwa wa baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili inageukia viungo vya mwenyewe, inaitwa RA, na pia lupus kiasi, ugonjwa mwingine wa kinga kugeukia mwili. Madaktari bingwa wa haya magonjwa Kenya ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo mgonjwa anatoka mbali, anafika amechelewa, na kila kliniki peke yake haiwezi kupata wagonjwa wa kutosha kufanya utafiti wa maana. Hapo ndio wazo la kuungana lilitoka. Kulikuwa na pesa ya mradi mmoja iliyonunua friza ya nyuzi minus 80 na sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu ili itengane, mradi ukaisha, friza ikabaki inanguruma kwa kona ya maabara bila mwenyewe. Kliniki mbili zingine zikasema wacha tuitumie pamoja.

Vitu vya pamoja vikawa hivi: friza, mfumo wa data (tulitumia REDCap, ile iliyotengenezwa chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, 2004, manake taasisi isiyo ya kibiashara haiilipii), kijana mmoja wa data, na mafunzo. Friza ndio ilipendwa. Ilipata kamati, ikapata sheria za nani ana rafu gani, ada ya kila rafu, nani ananunua dizeli ya jenereta stima ikipotea, nani anaamka usiku alamu ikilia. Minitsi za friza ni kurasa na kurasa, kuna mkutano ulikwama masaa kwa sababu ya funguo. Na nisiseme uongo, ile kamati ilifanya kazi poa, hiyo friza haikuwahi kufa hata siku moja.

Mafunzo yalipata siku mbili hotelini, slaidi nyingi, chakula kizuri. Walioalikwa ni madaktari wakuu wa kila kliniki kwa sababu bajeti ya posho iliandikwa kwa majina yao. Masista na maafisa tabibu ambao ndio wanashika mkono wa mgonjwa na kuandika namba kwa fomu hawakuitwa. Walitumiwa slaidi kwa WhatsApp.

Kipimo chenyewe kinafanyaje kazi

Lazima nisimame hapa kidogo, bila hii mengine hayataeleweka. Kujua RA ya mtu iko moto kiasi gani tunatumia alama inaitwa DAS28, ilitoka kwa watafiti wa Uholanzi na toleo hili la viungo 28 lilichapishwa 1995. Unahesabu viungo vinavyouma vikibonyezwa, unahesabu vilivyovimba, unachukua ESR ya damu, yaani kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye bomba, ambayo hupanda mwili ukiwa na uvimbe, halafu mgonjwa mwenyewe anaweka alama kwa mstari wa milimita 100 kuonyesha anajisikiaje, 100 ikiwa ni vibaya kabisa. Viungo 28 ni mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mkono viwili, viungo kumi vya mahali vidole vinaanzia, kumi vya katikati ya vidole ukihesabu na cha gumba, na magoti mawili. Miguu chini ya goti haimo kabisa.

Ukipata chini ya 2.6 ugonjwa umetulia, hadi 3.2 uko chini, juu ya 5.1 ni moto. Sasa angalia hesabu: mzizi wa mraba wa idadi ya viungo vinavyouma unazidishwa kwa 0.56, wa viungo vilivyovimba unazidishwa kwa 0.28. Yaani maumivu yamepewa uzito mara mbili ya uvimbe, na maumivu ndio kitu kinategemea zaidi nani amebonyeza na amebonyeza vipi. Mtu mmoja akihesabu vinne na mwingine kwa mgonjwa yuleyule ahesabu tisa, alama imepanda 0.56 bila mgonjwa kubadilika chochote. Wale wa EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa haya magonjwa, wanasema dawa imeanza kufanya kazi kama alama imeshuka zaidi ya 0.6 na haijabaki juu ya 5.1, kwa hivyo tofauti ya mikono miwili tu karibu inatosha kuficha ama kutengeneza dawa nzima.

Kilichotokea

Registra mmoja wa Kubwa, yaani daktari anayesomea ubingwa, alikuwa anafanya thesis yake, akaomba data ya kliniki zote tatu. Alikuwa wa kwanza kuiunganisha. Akaona kitu kinashtua: wagonjwa wa Misheni, kwa dozi zilezile za methotrexate, dawa ya RA, wako na ugonjwa mkali zaidi kuliko wa Kubwa, na Binafsi iko katikati. Si kidogo, ni tofauti ya kuhamisha watu daraja zima.

Maelezo yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Wagonjwa wa Misheni wanatoka mashambani, wamepitia kwa waganga, wamemeza vidonge vya maumivu miaka, wanafika viungo vimeshaharibika. Ni maelezo mazuri na kwa wagonjwa wengine ni ya kweli kabisa, ndio maana yalikuwa hatari. Muhtasari wa kongamano ukaandikwa, majina yakapangwa, ikabaki siku chache itumwe.

Kijana wa data ndiye aliyekataa kulala. Alisema kama hawa watu kweli wana moto zaidi, basi uvimbe pia uwe mwingi na ESR iwe juu. Lakini uvimbe ulikuwa karibu sawa kote, ESR karibu sawa, kilichopaa ni maumivu na ule mstari wa mgonjwa. Halafu akaonyesha kitu kingine: Misheni ilikuwa na wagonjwa wengi sana walioweka 100 kamili. Nani anaweka alama kwenye ncha kabisa ya mstari, mmoja baada ya mwingine?

Tukaenda Misheni kuangalia. Sista wa pale, mama mmoja makini sana ambaye faili zake zilikuwa safi kuliko za wote, akatoa fomu. Tukaomba rula. Mstari ulikuwa milimita 107. Fomu ya asili iliisha zamani, wakafanya fotokopi, wakafanya fotokopi ya fotokopi, mashine ikawa inakuza kila mara kidogo. Mgonjwa akiweka alama karibu na mwisho, sista anapima anapata 104, anapeleka kwa karani, mfumo unakataa manake tuliuwekea mpaka wa 100, karani anaandika 100 ili fomu iende. Mfumo ulikuwa unatupigia kelele miezi yote hiyo na karani alikuwa anaunyamazisha kwa adabu. Milimita kumi za mstari ni 0.14 ya alama, si nyingi peke yake, ila inaongezea.

Kosa zito zaidi lilikuwa kwa viungo. Sista alikuwa anapita kiungo kimoja kimoja akiuliza kama kimeuma wiki hii, mgonjwa akisema ndio anaandika moja. Habonyezi, ama anagusa tu. Na alikuwa anahesabu vidole vya miguu pia, kisha jumla yake inaingizwa kwa kisanduku cha 28. Hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Zile slaidi za WhatsApp zilikuwa na picha ya mwanasesere mwenye madoa mahali pa viungo, basi.

Kubwa nako tukakuta kinyume. Foleni ni ndefu, chumba kimoja madaktari wawili, hakuna pazia. Julai Nairobi ni baridi, mama amevaa sweta mbili na leso juu, nani atamvua katikati ya watu? Kwa hivyo mabega hayapimwi, na mahali pa bega wanaandika sifuri. Ile sifuri kwa kompyuta inasoma kwamba bega ni zima. Wagonjwa wa Kubwa walionekana wazima kuliko walivyo, na hiyo hakuna mtu alikuwa ameishuku hata kidogo kwa sababu namba nzuri haziulizwi maswali.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza, muhtasari ukaondolewa. Kulikuwa na kelele. Daktari mmoja mkubwa alisema tuutume hivyo hivyo na tuandike mapungufu chini, kila mtu anafanya hivyo. Registra mwenyewe ndiye aliyesema hapana, na yeye ndiye alikuwa na cha kupoteza.

La pili lilibishaniwa zaidi. Kuna waliosema tusahihishe kwa takwimu, tuweke kliniki kama kigezo ndani ya modeli, iishe. Tukakataa, na bado naona ilikuwa sawa. Ukisahihisha kwa kliniki unadhania kosa la kliniki halibadiliki. Kubwa maregistra wanazunguka kila miezi michache, leo anabonyeza huyu, kesho yule, kosa linahama nao. Na Misheni wale wenye maumivu ya miguu wamepandishwa zaidi kuliko wengine, kwa hivyo hata ndani ya kliniki moja si kosa moja. Tukaamua data ya zamani ya maumivu na ya mstari iwekwe alama, isitumiwe kulinganisha kliniki, ibaki uvimbe na damu. Hata uvimbe wa Kubwa tuliutumia bila mabega.

La tatu, tukapanga Jumamosi ya kulinganisha mikono. Wapimaji wote wanaoshika wagonjwa kwa kweli, masista na maafisa tabibu wakiwemo, wagonjwa sita waliokubali, fea na chai juu yetu. Sheria moja kubwa: unabonyeza mpaka ukucha wa gumba lako mwenyewe unageuka mweupe, hapo unasimama. Hiyo ndio nguvu inayotakiwa, na haihitaji mashine, unaangalia tu ukucha wako. Kila mtu anapima peke yake, anaandika, hazungumzi na mwenzake.

Hapa tulijifunza kitu kwa wagonjwa. Kufika mpimaji wa nne kiungo kilichokuwa kinauma kidogo sasa kinauma kweli, kwa sababu kimebonyezwa na watu watatu. Mama mmoja akatuambia tunamminya kama embe za sokoni na hakuna anayenunua. Alikuwa sawa. Tukakata, kila mgonjwa apimwe na watu wachache, na mpangilio uzunguke ili asiwe mtu yuleyule anayekuja mwisho kila mara. Kama unapanga zoezi kama hili weka hilo kwa ombi lako la kamati ya maadili tangu mwanzo, pamoja na idadi ya juu ya kubonyezwa.

La nne ndilo lenye meno: hakuna logini ya kuingiza data ya viungo kama hujapita zoezi. Awali cheti kilikuwa cha kupiga picha na kuweka ofisini. Sasa kijana wa data anafungua logini kwa jina la mtu aliyepita na anaifunga ukikosa marudio. Watu walinung'unika, halafu walikuja.

Mengine ni madogo na ya bei rahisi. Fomu zinachapishwa mahali pamoja na kijana mmoja anapima mstari kwa rula kwenye kila rundo. Kisanduku cha kiungo kimeongezewa chaguo la "haikupimwa", sifuri peke yake haikubaliki bila kuibofya. Na Kubwa walinunuliwa pazia. Pazia, kitambaa na bomba la chuma, pesa ambayo isingetosha hata ada ya rafu moja ya friza kwa mwaka.

Friza inaingia hapa

Kulikuwa na seramu, yale maji ya damu yaliyotenganishwa, ya wagonjwa wengi tangu mwanzo, imegawanywa kwenye vichupa vidogo. Mtu akasema, si tupime CRP yote, ile protini ya damu inayopanda uvimbe ukiwepo, kwa mashine moja, siku moja, tupate angalau kipimo kimoja ambacho mkono wa mtu haujakigusa? CRP inavumilia minus 80 vizuri, si kama RNA, na ESR huwezi kuirudia kwa sampuli ya zamani manake inataka damu nzima mbichi. Wazo zuri sana.

Kisha tukafungua fomu za ridhaa. Za Kubwa na Misheni zilikuwa na kipengele kwamba sampuli inaweza kutumika kwa utafiti mwingine wa ugonjwa huohuo ukipitishwa na kamati ya maadili. Za Binafsi zilitaja mradi ule mmoja tu uliokwisha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 taarifa za afya ni data nyeti, na hata bila sheria, mtu alikubali kitu kimoja huwezi kumgeuzia kingine. Basi seramu za Binafsi zikabaki zimelala kwa rafu ambayo tuligombania funguo zake. Kamati ya friza ilikuwa imejadili dizeli, rangi za stika na kufuli, haikuwahi kuuliza vichupa vilivyo ndani vinaruhusiwa kufanyiwa nini.

Matokeo

CRP ya kliniki mbili ilipotoka, tofauti kati ya Kubwa na Misheni ilikuwa ndogo. Ipo, wagonjwa wa Misheni kweli wanachelewa kidogo, lakini si ile picha ya mwanzo. Hatukuichanganya na alama za ESR, ni kosa ambalo nimeliona kwa watu wengine: DAS28 inayotumia CRP badala ya ESR huwa inatoka chini kidogo kuliko ya ESR, ukiweka nusu ya wagonjwa kwa moja na nusu kwa nyingine na mipaka ileile umetengeneza tofauti nyingine mpya.

Zoezi la pili la mikono lilikuwa bora kuliko la kwanza. Vidole vilikubaliana vizuri, magoti pia. Mabega bado ni vita, na nadhani yatabaki hivyo, bega limefunikwa na nyama na uvimbe wake hauonekani kirahisi, wenye mashine ya ultrasaundi watumie kuamua ubishi. Sista wa Misheni, yule wa fomu safi, ndiye sasa anafundisha kliniki zote tatu. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kutulia, na ana subira ambayo madaktari hawana.

Registra alipoteza muda mrefu na ikabidi abadilishe swali la thesis, akaandika juu ya kukubaliana kwa wapimaji wenyewe. Alipita. Sidhani alifurahi sana, na sitamwambia mtu kwamba ilikuwa baraka.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichotuokoa ni kwamba kijana wa data alikuwa na nafasi ya kusema. Hakuwa karani wa kupokea tu, alikuwa anakaa mikutanoni, na mkuu wa mradi alimsikiliza mbele ya watu wenye vyeo. Kwingine nilikofanya kazi angeambiwa aendelee kusafisha faili. Pia kuweka mpaka wa 100 kwa mfumo kulisaidia hata kama kulizimwa, kwa sababu alama ya kuzimwa ilibaki kwenye data kwa umbo la zile 100 nyingi. Sasa mfumo unarekodi kila namba iliyokataliwa na zinasomwa kila Ijumaa.

Kilichofeli hasa ni nani aliitwa mafunzoni. Pesa ilifuata vyeo, kazi ilikuwa kwa watu wengine. Mimi sioni hili kama bahati mbaya ya mradi mmoja, nimeona ratiba nyingi za mafunzo Nairobi na karibu zote zimepangwa kutoka kwa orodha ya posho. Ukitaka kujua nani afundishwe, chukua fomu moja iliyojazwa, uliza ni mwandiko wa nani.

Na kuna shida ya muundo ambayo pazia haitatui. Kule Marekani ile taasisi ya NIH (shirika la serikali la utafiti wa afya) inayoshughulika na magonjwa ya viungo, NIAMS, iliyoanzishwa 1986, huwa na ruzuku za aina ya P30 ambazo hazilipii utafiti mmoja, zinalipia kitu cha pamoja: maabara, watu wa data, ushauri wa mbinu, ili watafiti wengi wakitumie. Hapa kwetu ruzuku nyingi zinazofika ni za mradi. Mradi unanunua friza kwa sababu friza ina risiti na namba ya mfululizo ya mtengenezaji, mkaguzi akija anaigusa. Mshahara wa mtu wa kuzunguka kliniki tatu akiangalia watu wanabonyezaje, huo unaandika kwa mstari gani wa bajeti? Tulijaribu kuuweka chini ya "usimamizi wa ubora", mfadhili mmoja akaukata, wa pili akauacha nusu.

Kwa sasa ada ya rafu za friza imepandishwa kidogo na hiyo nyongeza ndiyo inamlipa sista siku zake za kufundisha. Kubwa na Misheni wamelipa. Binafsi wanasema hawatalipa nyongeza mpaka kamati ya maadili ijibu ombi lao la kutafuta wagonjwa wa zamani na kuwaomba ridhaa upya, kwa sababu wanalipia rafu ambayo hawawezi kuitumia, na kwa hilo siwezi kusema wamekosea. Ombi liko mezani, baadhi ya namba za simu za wagonjwa hazipatikani tena, na kamati ya friza imeitisha mkutano.